Jicho kwanza, megapikseli baadaye

Siku hizi ukisema mbele ya wapiga picha wa Bujumbura au Rumonge kwamba unatafuta kamera ya kupigia picha za mtaani, na kwamba kitu cha kwanza unachokiangalia ni kidirisha cha kuchungulia, watakutazama kama mtu anayeulizia kanda za kaseti. Kidirisha cha nini, mzee? Skrini si hiyo hapo nyuma, pana, yenye rangi zote? Na kwa nini ununue kamera, wakati simu iliyo mfukoni mwako ina megapikseli 48?

Hayo si maneno ya vijana peke yao. Wauzaji wanayasema, walimu wa warsha za picha wanayasema, hata watu wazima waliojifunza kazi kwa filamu wameanza kuyarudia ili wasionekane wamepitwa. Mtu akichagua kamera, anaulizwa sensa, anaulizwa video, anaulizwa kama inatuma picha kwenye simu. Tundu analoweka jicho halimo kwenye mazungumzo. Mimi nasema wamepindua mambo. Kwa mtu anayepiga picha za watu barabarani, kwenye jua letu, kidirisha ndicho kinachochaguliwa kwanza, na vingine vyote vinafuata. Na kama kuna mahali pa kulipima dai hili, ni Gitaza.

Anayepajua Gitaza anajua kwa nini. Ukitoka Bujumbura kwa RN3 kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac, ukishalipita lile jiwe la Mugere lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871, milima inaanza kuisogelea barabara mpaka kunabaki ukanda mwembamba tu kati ya mteremko na maji. Ukanda huo ndio uliozikwa na udongo Machi 2015, mvua zilipoushusha mlima juu ya nyumba na barabara ikakatika. Kwa mpiga picha, wembamba huohuo unamaanisha kwamba kila kitu kinapita mbele yako na huna pa kurudi nyuma. Baiskeli zenye madumu ya mawese zinashuka bila breki ya kutegemewa. Magunia ya makaa, mikungu ya ndizi, kina mama na mabeseni ya ndagala, wanafunzi, malori ya mizigo, wote wanagombea lami moja. Una sekunde moja, pengine nusu yake.

Sasa tazama jua. Asubuhi limejificha nyuma ya milima ya mashariki na ufukwe unakaa kivulini muda mrefu. Likishavuka kilele linakuja kwa nguvu zote, maana tuko nyuzi tatu na nusu hivi kusini mwa ikweta na saa sita mchana liko karibu utosini. Alasiri linateremka kuelekea milima ya Kongo, na ziwa lote linawaka mbele ya macho yako. Hakuna saa ya mchana ambayo skrini inakuwa salama. Asubuhi jua likishatokeza juu ya milima, umelipa mgongo, mwanga unapiga skrini moja kwa moja. Mchana unaipiga kutoka juu. Jioni skrini yenyewe iko kivulini, lakini jicho lako limeshabana kwa sababu ya maji yanayong'aa pande zote, na ile taswira mbele yako inaonekana nyeusi tu.

Watetezi wa skrini wana jibu: simu za sasa zina mwanga mkali sana. Ni kweli, zina mwanga mkali kwa muda. Iache simu juani saa saba mchana huku kamera ikiwa wazi, kisha uone inavyopata joto na kuanza kupunguza mwanga yenyewe ili isiungue. Inakuzimikia hasa pale unapoihitaji.

Nenda mahali wanapoanika ndagala, uone ninachokisema. Samaki wametandazwa juu ya mchanga, au juu ya nyavu zilizowambwa kwenye vichanja, maelfu kwa maelfu, kila mmoja akirudisha mwanga kama anavyoupokea. Mama ameinama, mkono wake unawageuza kwa kiganja kilicholala, taratibu, ili wasivunjike. Pembeni mtoto anafukuza kuku. Katika skrini utaona weupe mtupu, na juu ya weupe huo kivuli cha uso wako mwenyewe na kofia yako. Utabonyeza kwa kubahatisha. Jioni ukifika nyumbani ndipo utakapojua kwamba mkono ulikatwa kwenye vidole na kuku alishatoka kwenye fremu. Weka jicho kwenye kidirisha chenye raba nzuri inayoziba mwanga wa pembeni, na giza dogo linazunguka taswira yako. Ndani ya giza hilo unaona kiganja, unaona samaki waliokwisha kukauka na walio bado wabichi, unaona mtoto anaingia kutoka kushoto, na unamsubiri afike unapomtaka. Tofauti hii haina uhusiano wowote na megapikseli.

Na hizo megapikseli 48, kwa kuwa zimetajwa, simu nyingi zinazotangazwa nazo huunganisha pikseli nne kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12. Canon 5D ya kwanza, iliyotoka mwaka 2005, ina megapikseli 12.8. Picha yake inachapika vizuri kabisa kwa upana wa sentimeta 37. Miaka ishirini ya kutangaziwa tarakimu imetufikisha palepale.

Kuna jambo lingine ambalo vijana hawalisemi kwa sababu halijawafika. Ukikaribia miaka arobaini na kitu, jicho linaanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Ndipo unamwona mtu anasogeza karatasi mbali ili aisome, kisha ananunua miwani ya kusomea sokoni. Skrini ya kamera au simu inashikwa sentimeta arobaini au hamsini kutoka usoni, yaani mlemle ambamo jicho la mtu mzima limeshachoka. Ukivaa miwani ya kusomea, skrini inakuwa wazi na barabara inakuwa ukungu. Ukiivua, barabara inarudi na skrini inapotea. Nimewaona wapiga picha wa harusi, watu hodari, wakipandisha na kushusha miwani mchana kutwa. Kidirisha kimetengenezwa ili taswira ionekane kana kwamba iko umbali wa mita moja hivi, na pembeni yake kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha nguvu ya macho. Kwenye Nikon D7000, kwa mfano, kinatoka dayopta hasi 3 mpaka chanya 1. Unakizungusha mara moja, maandishi ya ndani yanakuwa makali, na kuanzia hapo unaona picha na unaona barabara bila kubadilisha chochote. Wenzangu wengi wana kamera zenye kigurudumu hicho na hawajawahi kukigusa. Wanalalamika kwamba kidirisha kina ukungu, wanarudi kwenye skrini, kisha wanatangaza kwamba vidirisha vimepitwa na wakati.

Hoja ya pili ya upande ule ina sura nzuri zaidi, na ndiyo inayonikera zaidi. Wanasema picha za mtaani ni picha za kuvizia. Kamera ikiwa usoni watu wanakuona, wanakaa sawa, wanakunja uso, wengine wanakugombeza. Shika kamera kiunoni, au jifanye unasoma ujumbe kwenye simu, ubonyeze kimyakimya. Nunua Ricoh GR III, wanakwambia, haina kidirisha kabisa na bado wapiga picha wa mtaani wa dunia nzima wanaipenda.

Kamera hiyo ni nzuri, sitaisema vibaya. Lakini Ricoh wenyewe wanauza kidirisha cha kuchomeka juu yake, na sijui kampuni inayotengeneza kitu kisichohitajika na mtu yeyote. Mabishano yangu ni na falsafa, kwa hiyo turudi kwa wazee wa kazi hii, tuone kama walipiga kutoka kiunoni.

Ziwa letu lina jina kubwa katika historia hiyo. Mnamo 1930 hivi, Martin Munkácsi, mwandishi wa picha kutoka Hungaria, alipiga picha ya wavulana watatu wa Kiafrika wakikimbilia mawimbi, migongo kwetu, miili yao karibu kivuli kitupu. Kwa miaka mingi dunia imeijua kama picha ya wavulana wa Ziwa Tanganyika, ingawa wapo wanaosema ilipigwa Liberia. Kijana Mfaransa, Henri Cartier-Bresson, aliiona ikiwa imechapwa, akasema baadaye kwamba ndiyo iliyomwasha moto. Mwaka 1932 alinunua Leica mjini Marseille, na upigaji picha wa mtaani kama tunavyoujua leo ukapata baba wa aina yake. Huyu alikuwa mtu wa kujificha kweli: alifunika sehemu za kamera zinazong'aa kwa utepe mweusi ili asionekane. Lakini kamera yake aliipeleka jichoni. Mpangilio wote aliufanya ndani ya kidirisha, na alikuwa mkali kwa wahariri waliotaka kukata picha zake pembeni, kwa sababu kwake picha ilikwisha pale kidirisha kilipoishia.

Wapinzani wangu hukimbilia picha yake ya 1932, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris. Ile, wanasema, aliipiga kupitia mwanya wa uzio wa mbao. Ndiyo. Na mbao ziliingia kwenye picha, ikabidi ikatwe, naye aliikubali kama moja ya zile chache zilizokatwa. Mtu aliyepiga maelfu kwa maelfu ya picha, wao wanamnukuu kwa ile moja iliyomponyoka.

Garry Winogrand wa New York wanamtaja pia, kwa sababu alipiga kwa kasi ya ajabu. Alipofariki mwaka 1984 aliacha filamu zipatazo 2,500 ambazo hazijasafishwa. Watu waliomwona barabarani walidhani hahitaji hata kuangalia. Yeye mwenyewe alilikataa hilo alipoulizwa, akisisitiza kwamba hapigi bila kupitisha jicho kwenye kidirisha. Aliweza kulifanya haraka kwa kuwa alilifanya kila siku.

Halafu anakuja Vivian Maier, yule yaya wa Chicago ambaye picha zake zilianza kujulikana baada ya masanduku yake kuuzwa mnadani mwaka 2007. Huyo, wanasema kwa ushindi, alipigia tumboni! Alipigia tumboni kwa sababu Rolleiflex inatazamwa kutoka juu. Kamera hiyo ina kioo kipana chenye kuta nne zinazosimama kukikinga na mwanga, na ndani yake kuna lenzi ndogo ya kukuza unayoweza kuiinamia kwa jicho. Yule mama alikuwa na kidirisha kikubwa kuliko vyote tunavyovizungumzia hapa, tena chenye paa lake la kuzuia jua. Mkitaka kumfuata, mfuateni mpaka mwisho.

Lakini tuache wazungu waliokufa. Hoja ya kuvizia ina tatizo lingine hapa kwetu. Watu wa pwani hii wamepigwa picha na kila aina ya mgeni: wa mafuriko, wa wakimbizi, wa miradi. Ziwa lilipopanda miaka ya karibuni na kumeza nyumba za ufukweni, simu ziliinuliwa nyingi kuliko koleo. Mtu aliyepoteza nyumba hajui picha yake imekwenda wapi. Simu iliyoshikwa kifuani na mtu anayejifanya anasoma ujumbe, leo ndiyo inayotiliwa shaka, kwa sababu kila mmoja ana yake na anajua inavyofanya. Kamera iliyopanda mpaka jichoni inajieleza yenyewe: huyu anapiga picha. Anayekataa anapata nafasi ya kugeuka au kuinua mkono, nawe unaishusha kamera, unamsalimia, mambo yanaisha. Mama wa ndagala atakuuliza unampiga picha za nini na utampelekea lini, na ni haki yake kuuliza. Kwa askari na vizuizi vya barabarani kamera inabaki begini, hilo halihitaji mjadala. Ila mahali pengine popote, anayejificha ndiye anayetafuta matata.

Kuna pia ufundi wa mwili. Ukinyoosha mikono kushika simu, kila pumzi inaitikisa. Ukiweka kamera jichoni, viwiko vinakaa mbavuni, paji la uso linaegemea kamera, na unapata nguzo tatu. Jioni pale Gitaza, mwanga unapoondoka haraka nyuma ya Kongo na baiskeli bado zinateremka, uthabiti huo ndio unaoamua kama utapata uso wa mtu au utepe wa ukungu.

Basi tukubaliane kwamba kidirisha kinafaa. Hapo ndipo wanapokuja watu wa kundi la tatu, wale wanaosema haya, kidirisha ni kidirisha, chukua chochote chenye tundu. Hawa wanaumiza watu kwa pesa zao, kwa hiyo nitakaa nao kidogo.

Kidirisha kina mambo mawili yanayovutana: ukubwa wa taswira, na umbali ambao jicho linaweza kukaa nyuma ya kioo na bado likaona pembe zote nne. Ukiongeza la kwanza, la pili kwa kawaida linapungua. Nikon walilionyesha wazi. F3 yao ya mwaka 1980 ilikuwa na ukuzaji wa mara 0.8. Wenye miwani wakashindwa kuona pembe, na mwaka 1982 likatoka toleo la F3HP ambalo jicho linaweza kukaa milimita 25 nyuma, na ukuzaji ukashuka mpaka 0.75. Walipunguza ukubwa kwa makusudi ili mtu mwenye miwani aone picha nzima. Hesabu hiyo haijabadilika mpaka leo. Mwenye miwani atafute milimita 20 kwenda juu. Chini ya 18 atakuwa anaona katikati tu, na kingo atazikuta nyumbani. Asiyevaa miwani aende kwenye ukubwa bila wasiwasi.

Na hapo kwenye ukubwa ndipo karatasi za matangazo zinapodanganya bila kusema uongo. Ukuzaji unapimwa kwa lenzi ya milimita 50 juu ya kamera husika, na kamera yenye sensa ndogo inapata tarakimu kubwa kwa bure. Nikon D7000 imeandikwa mara 0.95, gawanya kwa 1.5 kwa sababu ya sensa yake, unabaki na 0.63. Nikon D3100, ndugu yake wa bei nafuu wa mwaka uleule wa 2010, imeandikwa 0.8, ambayo kwa hesabu hiyo ni 0.53, tena inaonyesha asilimia 95 tu ya picha. Kwa hiyo kitu kitaingia pembeni mwa picha yako na hukukiona: kidole, gurudumu, mtu wa tatu. Ile D7000 ina prizimu ya kioo kizima na inaonyesha karibu asilimia 100. Eneo la taswira yake ni kubwa kuliko la mwenzake kwa zaidi ya theluthi moja. Sasa ichukue Canon 5D ile ya 2005, yenye sensa kamili. Imeandikwa 0.71 tu, na muuzaji asiyejua atakwambia ni ndogo kuliko zote. Ni kubwa kuliko zote mbili, maana hapo hakuna cha kugawanya.

Vidirisha vya elektroniki navyo vina mchezo wao. Vinatangazwa kwa nukta: milioni 2.36, milioni 3.69. Nukta tatu, nyekundu, kijani na bluu, ndizo zinazofanya pikseli moja. Kwa hiyo milioni 2.36 ni pikseli 1024 kwa 768, tarakimu za skrini ya kompyuta ya zamani. Inatosha, mradi ujue unachonunua. Na ndani ya kidirisha cha elektroniki unaona kilichokwisha kupita, hata kama ni kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa mtu aliyesimama si kitu. Kwa baiskeli yenye madumu manne ya mawese inayoshuka kona ya Gitaza, ni sababu ya kukosa.

Nisiwe mbishi wa kukataa kila kitu. Kidirisha cha elektroniki kinanishinda saa moja ya siku, nayo ni saa nzuri. Wavuvi wa lampara wanafanya kazi usiku, taa zikiwa juu ya maji kuwaita ndagala, na wanarudi alfajiri kabla mwanga haujakaa. Kwa lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, kidirisha cha kioo saa hiyo ni giza juu ya giza. Cha elektroniki kinaongeza mwanga chenyewe, unaona nyuso na unaona nyavu. Pia alasiri, ukielekeza lenzi ndefu kwenye jua lililo juu ya ziwa, kidirisha cha kioo kinaweza kukuumiza jicho kweli, jambo ambalo cha elektroniki hakilifanyi. Kama maisha yako ya upigaji picha yako kwenye mialo alfajiri, nunua cha elektroniki na usinisikilize.

Ila uulize kwanza utachaji wapi. Sony a6000 inahesabiwa picha 310 kwa chaji moja ukitumia kidirisha, 360 ukitumia skrini. D7000 inahesabiwa 1,050. Anayeishi mahali ambapo umeme unakuja ukitaka wenyewe anajua maana ya tarakimu hizo tatu.

Pua nayo ina neno. Kamera kama a6000 zina kidirisha kwenye kona ya kushoto, na anayetumia jicho la kulia anafurahi: pua inabaki nje, jicho la kushoto liko huru kuangalia barabara. Lakini karibu mtu mmoja kati ya watatu anaongozwa na jicho la kushoto. Huyo pua yake inalala juu ya skrini, na kama skrini ni ya kugusa, pua inahamisha alama ya fokasi kila anapochungulia. Nimemsikia mtu akiilaani kamera nzima kwa kosa la pua yake. Kujipima ni kazi ya dakika moja: nyoosha kidole, kilenge kitu cha mbali kwa macho yote mawili, kisha fumba jicho moja moja. Jicho lililokuwa wazi wakati kidole hakikuhama ndilo lako.

Watu wa Leica watauliza mbona siwaungi mkono moja kwa moja. Kidirisha cha M3 ya 1954 kina ukuzaji wa 0.91, unaweza kufungua macho yote mawili na fremu ikaelea juu ya barabara halisi. Katika ufundi huu sijui kitu kizuri zaidi. Lakini haionyeshi fremu za lenzi pana ya 35, na kwenye barabara nyembamba kama ile lenzi pana ndiyo unayoihitaji. Leica waliliona, M2 yao ikaja na 0.72 ili fremu ya 35 iingie. Na bei yake tusiizungumze katika nchi hii. Fujifilm X100, iliyofuata njia hiyo kuanzia 2011 kwa kidirisha kinachobadilika kati ya kioo na elektroniki, inakupa sehemu ya raha hiyo: unaona nje ya fremu, unamwona mwendesha baiskeli kabla hajaingia. Ni kamera ninayoweza kuipendekeza kwa mwenye uwezo. Asiye na uwezo, na hao ndio wengi wetu, ana njia bora kuliko anavyodhani.

Hukumu yangu, basi. Kwa bei ambayo vijana wa Rumonge wanainunulia simu ya juu, mtumba wa D7000 na lenzi pana ni kamera bora ya mtaani kwenye pwani hii, kwa jua hili na kwa umeme huu. Anayependa taswira kubwa zaidi na hajali uzito aitafute 5D ya zamani. Ina gramu 810 bila betri wala lenzi, bega litazoea. Sensa yake imezeeka, najua. Kioo cha kidirisha chake hakijazeeka hata siku moja.

Ukienda kununua, iwe Bujumbura, Kariakoo au Kampala, usiipimie kamera chini ya taa ya dukani. Vaa miwani yako kama unavaa. Zungusha kile kigurudumu mpaka maandishi ya ndani yakae makali, tazama pembe zote nne bila kusogeza kichwa, geuza kamera wima utazame tena. Kisha mwombe muuzaji utoke nayo mlangoni, juani, uchungulie watu wanaopita. Akikataa, mrudishie kamera yake, mshukuru, nenda duka la pili.